Shahada ya Kijerumani na Deni la Istilahi

Kijana wa Dakawa, kwenye njia itokayo Morogoro kwenda Dodoma, akisema anataka kusomea shahada ya Kijerumani, huulizwa: itamfaa nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba ataongoza watalii, au atapata nafasi ya masomo Ulaya. Jibu hilo si baya, lakini ni finyu. Vyuo Vikuu vya Makerere na Kenyatta vimekwisha kukifanya Kijerumani somo la shahada. Hapana budi sasa shahada ya namna hiyo tuipime kwa kipimo chetu wenyewe: inakiongezea nini Kiswahili?

Dakawa yenyewe ni ushahidi. Katika miaka ya 1980 wakimbizi wa Afrika Kusini, wafuasi wa ANC, walijenga makazi yao huko, kama walivyokwisha kujenga shule yao Mazimbu. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasaidia. Dola hiyo ilikoma mwaka 1990, na mwaka 1992 vituo hivyo vikakabidhiwa Serikali ya Tanzania. Majengo yamebaki kwetu. Sehemu ya kumbukumbu zake imo Ujerumani, kwa Kijerumani. Nyuma zaidi yako majalada ya utawala wa kikoloni wa Wajerumani, yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Asiyeijua lugha hiyo husimuliwa habari za nchi yake na mtu wa tatu.

Hata hivyo, kujua Kijerumani peke yake hakutoshi, na hapa ndipo lilipo lalamiko letu. Mfasiri aliyejifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza, bila kufundishwa kukirejesha kwenye Kiswahili, hutuletea maneno yaliyokwisha kuchuja. Na tutazame mifano minne.

Kwanza ni Hüttensteuer, kodi iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Mfasiri akiandika "kodi ya nyumba", msomaji wa leo atadhani ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Sisi tungependelea "kodi ya kibanda", kwa kuwa dharau iliyomo katika neno la asili nayo ni sehemu ya ushahidi.

Pili ni Arbeitskarte. Kuandika "kadi ya kazi" si kosa la sarufi, lakini ni kosa la kumbukumbu. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya wakoloni walikuwa na neno lao: kipande. Hakuna haja ya kuunda istilahi mahali ambapo wananchi wamekwisha kuiunda.

Tatu ni Aufstand, neno ambalo wakubwa wa Kijerumani walilitumia kwa matukio ya 1905 hadi 1907. Maana yake ni uasi. Sisi twasema Vita vya Maji Maji. Hapa mfasiri asichanganye sauti mbili: katika waraka wa mtawala na aache "uasi", maana ndivyo mtawala alivyosema, katika dibaji na maelezo yake mwenyewe aandike "vita".

Nne ni neno letu lililosahauliwa. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Msomaji aliyezoea Kiingereza aweza kudhani Wadachi ni Waholanzi. La hasha! Neno hilo latokana na Deutsch, yaani Wajerumani wenyewe. Kumbe mwanafunzi wa Kijerumani aweza kutusaidia kukisoma hata Kiswahili chetu cha kale.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Mosi, kila mwanafunzi wa shahada hii, awe chuo gani Afrika Mashariki, atahiniwe katika kufasiri waraka wa Kijerumani moja kwa moja kwa Kiswahili. Pili, tasnifu yake iambatane na orodha ya istilahi alizokutana nazo, pamoja na sababu za kuchagua kila moja, na nakala ipelekwe kwa Baraza la Kiswahili ili ijadiliwe.

Shahada isiyofanya hivyo itatoa wasemaji hodari wa lugha ya wengine. Itakayofanya hivyo itamwezesha kijana wa Dakawa kurudi nyumbani na kuwajibu wazee wake: imenifaa kusoma yaliyoandikwa juu yetu, nanyi sasa mwaweza kuyasoma na kuyahukumu.