Reli Inayomfikisha Mgeni

Mgeni aliyechoka hana mazungumzo. Anaketi, anaomba maji, anajibu salamu kwa neno moja moja, na mwenyeji wake anabaki kumhurumia badala ya kumfurahia. Ndiyo maana usafiri mimi huupima kwa kipimo kimoja: hali anayofika nayo mgeni mlangoni. Kiangazi kile mimi na mke wangu tuliposhuka Italia kwa treni, kutoka Milano hadi Catania, tukilala kwa marafiki mji baada ya mji, niliona kwamba mafundi wa reli wa nchi ile wanastahili sifa ileile wanayopewa wachoraji na wachongaji wake. Wengi huenda kule kutazama dari za makanisa. Sisi tulikwenda kutazama nyuso za watu tunaowapenda, na kilichotufikisha kwao ni kazi ambayo sehemu yake kubwa imefichwa ndani ya milima.

Nianze na mahali reli inapokukabidhi kwa mwenyeji. Stesheni kubwa za Italia ziko mjini. Milano Centrale, kazi ya msanifu Ulisse Stacchini iliyofunguliwa 1931, ni jumba zito mno kwa macho yangu, lenye mawe na masanamu kupita kiasi. Lakini pita kumbi zake ufike kwenye majukwaa, uinue kichwa. Tao kuu la chuma limevuka mita 72 bila nguzo katikati, na chini yake treni zimepangana kwenye njia 24. Ukitoka nje uko Milano yenyewe. Msafiri anayeshuka Syokimau kutoka Mombasa anajua kwa nini nalitaja hili: amefika Nairobi na bado ana safari ya kuifuata Nairobi. Dar es Salaam wamefanya vizuri zaidi, treni yao ya umeme inaanzia mjini.

Kutoka Milano hadi Bologna ni kama saa moja kwa njia ya kasi iliyofunguliwa 2008. Sina mengi ya kusema juu ya saa hiyo. Ni tambarare ya mto Po, mashamba na maghala, na mwendo uliotulia kiasi kwamba kahawa haiyumbi kikombeni. Bologna alitupokea shoga yake mke wangu wa tangu utotoni, mzaliwa wa Malindi. Pale Malindi Kiitaliano ni lugha ya sokoni na ufukweni tangu zamani, na yeye alikuwa amekijua vizuri kabla hajapanda ndege. "Shemeji, leta hilo begi, hapa hatuhitaji teksi," akaniambia. Kweli hatukuihitaji. Jua la Julai lilikuwa likiwaka, lakini kutoka karibu na stesheni mtu anaingia chini ya baraza zenye matao, zile portici za Bologna ambazo mjini kati pekee zina urefu wa karibu kilomita 40 na ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2021. Tulitembea kivulini mpaka kwake, tukizungumza njia nzima.

Kabla hatujatoka stesheni alitupeleka kwenye chumba cha kusubiria cha upande wa magharibi. Tarehe 2 Agosti 1980, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, bomu lililotegwa humo liliua watu 85. Ilikuwa Jumamosi ya likizo, na chumba kilijaa familia zinazokwenda kwenye fukwe na kwa ndugu zao. Hospitali zilielemewa, hata basi la mjini la namba 37 likageuzwa gari la kubebea maiti. Waliojenga upya waliacha ufa ukutani ulivyo, umewekewa kioo, na saa moja ya nje inaonyesha dakika ileile hadi leo. Mke wangu alisoma majina ukutani yote, bila kuruka, na umri wa kila mmoja. Wale walikuwa abiria kama sisi, na tikiti mkononi, wakingoja kwenda kukumbatiana na mtu. Nimeona makumbusho mengi ya misiba. Hili ndilo pekee ninalolijua ambalo watu wanapita ndani yake kila siku wakiwahi treni.

Sasa milima. Kati ya Bologna na Firenze imelala safu ya Apennini, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wa reli wa Italia ulipokomaa. Reli ya kwanza kuivuka hapo, Porrettana, ilifunguliwa 1864, miaka mitatu tu baada ya Italia kuwa nchi moja. Mhandisi wake, Mfaransa Jean Louis Protche, aliupanda mlima kwa subira: mahandaki 47, madaraja 35, njia moja tu ya reli, na kilele cha zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Treni za makaa zilipanda polepole, na moshi ukajaa mahandakini hadi madereva na wachochezi wa moto wakakosa pumzi. Ndipo mhandisi Marco Saccardo alipobuni mtambo wa kupuliza hewa safi ndani ya handaki la Pracchia. Uvumbuzi huo naupenda kuliko rekodi zote za mwendo kasi, kwa sababu ulianza na kifua cha mfanyakazi.

Kisha likaja handaki kubwa. Njia mpya, iliyoitwa Direttissima, ilianza kujengwa 1913, vita vikaichelewesha, na ikafunguliwa 1934. Handaki lake kuu lina urefu wa kilomita 18.5. Mlima mnene hivyo ukiuanza kwa ncha mbili pekee utazeeka ukichimba. Kwa hiyo walitoboa mashimo mawili ya mteremko kutoka juu, mahali paitwapo Ca' di Landino, wakashuka mpaka kwenye kina cha njia, na kutoka humo wakachimba kuelekea pande zote mbili. Fikiria hesabu inayotakiwa hapo. Vikundi visivyoonana, kila kimoja gizani kwake, vikifuata mstari uliochorwa na wapimaji juu ya karatasi, na kosa dogo la pembe linatosha kuwafanya wapishane bila kukutana. Maji yaliwafurikia, gesi ya mlimani ilishika moto, watu wakafa kwa makumi. Mwaka 1929 ukuta wa mwisho uliowatenganisha ulianguka. Katikati ya handaki hilo walijenga hata stesheni, Precedenze, ambapo treni ya pole iliweza kukaa pembeni kupisha ya haraka, na ngazi ndefu kupanda kwenda kwenye nuru.

Treni za kasi za leo hazipiti humo. Zina njia yao ya 2009, ambayo kilomita kama 73 kati ya 78 ziko chini ya ardhi, na zinakufikisha Firenze katika muda usiotimia dakika 40. Sisi tulichagua treni ya pole inayosimama vituo vyote, tukabadilisha Prato. Baada ya kituo cha San Benedetto giza likatuingia. Masikio yaliziba kidogo, joto la mabondeni likakatika, na mlio wa magurudumu ukabadilika kwa sababu sasa kuta zilikuwa zinaurudisha. Kwa dakika kumi hivi tulipita ndani ya kazi iliyowala watu miaka mingi. Mwanafunzi aliyeketi mbele yetu hakuinua macho kwenye kitabu chake. Sikumlaumu. Handaki likichimbwa sawasawa, abiria anaendelea kusoma.

Firenze inafundisha jambo jingine. Stesheni ya Santa Maria Novella ilibuniwa na kundi la wasanifu vijana wa Toscana chini ya Giovanni Michelucci, miaka ya 1930, mkabala na kanisa la karne nyingi lenye jina hilohilo. Wangeweza kujenga kitu cha kushindana nalo, na zama zile za ubabe zingewapigia makofi. Wao wakajenga jengo la chini, la mistari iliyonyooka, kwa jiwe la rangi inayokubaliana na kanisa. Ukitoka na mizigo macho yanakwenda yenyewe kwenye mnara wa kengele. Adabu ya aina hiyo katika ujenzi ni adimu, na naitamani kwa kila mji unaojengewa stesheni mpya.

Napoli tulikaa kwa wazee wawili waliokuwa majirani zetu zamani, na wao wakatupeleka Pietrarsa, kwenye karakana ya kale ya treni iliyogeuzwa makumbusho kando ya bahari. Reli ya kwanza ya Italia ilipita hapo: Napoli hadi mji wa Portici, kilomita saba na kidogo, iliyofunguliwa tarehe 3 Oktoba 1839 na mfalme Ferdinando II.

Kwa mtu wa Mombasa, aliyezoea kuvuka Likoni kwa feri, kilele cha safari kiko kwenye mlango bahari wa Messina. Daraja hakuna, na treni ya kwenda Sisili inaingizwa ndani ya meli. Villa San Giovanni, upande wa bara, tulisimama, umeme ukazimika, kichwa cha treni kikaondolewa. Mdomo wa meli ulikuwa wazi, na reli za nchi kavu zimekutanishwa na reli za sakafu ya meli kwa daraja linalopanda na kushuka kufuata maji. Treni nzima haienei, kwa hiyo inakatwa. Mtu mmoja akainama kati ya mabehewa, akalegeza kiungo, akachomoa mabomba ya breki, akatoka nje na kuinua mkono. Injini ndogo ya dizeli ikaanza kusukuma. Yeye akatembea sambamba na behewa letu, mkono ukishuka taratibu kadiri tulivyokaribia, na mkono ulipofika chini tulikuwa tumesimama. Hatukusikia kishindo. Chupa ya maji mezani kwetu haikuanguka. Mabehewa yakafungwa kwa minyororo, nasi tukapanda juu kupigwa na upepo na kula arancini, madonge ya wali ya kukaanga yenye nyama ndani.

Kazi hiyo inafanywa pale tangu mwisho wa karne ya 19. Juu ya sitaha watu walibishana kuhusu daraja, mradi unaofufuliwa na kulazwa kila serikali inapobadilika. Sina haki ya kumwambia Msisili mwenye mgonjwa wa kupeleka ng'ambo kwamba aendelee kungoja meli kwa sababu mimi naifurahia. Ila mkono ule nimeuona, na nataka uandikwe mahali kabla haujapata mrithi wa saruji.

Messina walitutoa melini vipande vipande, mabehewa mengine yakaelekezwa Palermo, yetu yakaungwa kwa ajili ya Catania. Mke wangu akampigia simu rafiki yetu wa Catania kumwarifu kwamba tumevuka. Hakuuliza tutafika saa ngapi, hilo alikuwa analijua. Aliuliza tuko behewa la ngapi, ili asimame pale mlango wetu utakapofunguka.