Sauti ya King'ong'o katika Nyimbo za Mto Tana

Swali la nyimbo katika Karatasi ya Tatu humpa mtahiniwa beti chache zilizochapwa, kisha humtaka ataje aina ya wimbo, nafsineni na sifa zake. Sauti haimo. Ndiyo sababu wanafunzi wetu huandika kwamba fanani "ana sauti nzuri" na kuishia hapo. Anayethubutu zaidi huandika kuwa wimbo wa kijijini "huimbwa puani", akilihesabu jambo hilo kuwa udhaifu.

Nafundisha karibu na Garsen. Mwaka mmoja, katika mashindano fulani, mwamuzi alimwagiza kiongozi wa wimbo wetu wa Kipokomo "aondoe pua". Msichana akatii. Wimbo ukawa safi, ukawa pia wa kwaya. Nyanya yake asingeutambua. Nami nilinyamaza, jambo ninalolijutia.

Tuchunguze madai yenyewe. Kifonetiki, sauti ni ya king'ong'o pale kaakaa laini linaposhuka na hewa kupita puani, kama katika m, n, ny na ng'. Mwalimu aweza kulipima hili darasani bila kifaa chochote: mwimbaji aendeleze irabu moja, kisha abane pua. Sauti ikibadilika, hewa ilikuwa ikipita puani. Isipobadilika, tulichokisikia si pua bali koo lililobanwa kidogo juu ya nyuzi za sauti. Ukali huo ndio unaoivusha sauti hadi ng'ambo ya uwanja, juu ya ngoma na makofi, pasipo kipaza sauti. Wengi tunaowalaumu kwa pua hawaitumii kabisa.

Bembelezi ni jambo jingine. Huko pua hutumika kwelikweli. Mlezi aliyembeba mtoto mgongoni hufika mahali akafumba midomo, maneno yakaisha, ukabaki mvumo wa m ambao mtoto huusikia na pia huuhisi kifuani, kwa kuwa mgongo wenyewe unatetema. Mhakiki anayenukuu maneno pekee ameacha nusu ya kazi ya fanani.

Mfano tunao karibu. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, Graham Hyslop na Thomas Kalume wakiwa miongoni mwao, lilitayarisha Wimbo wa Taifa kwa lahani ya bembelezi ya Wapokomo. Lahani ilisalia, lakini maneno na namna ya kuimba vikabadilika, maana umati uliosimama wima mbele ya bendera haumlazi mtoto. Sisemi jopo lilikosea. Ila mtahiniwa akiulizwa jinsi muktadha unavyoathiri uwasilishaji, asihangaike kutafuta mfano mbali. Akumbuke gwaride la Jumatatu asubuhi.

Basi unapojibu kuhusu toni, achana na "nzuri" na "mbaya". Eleza iwapo midomo imefumbwa au i wazi, koo limebanwa au limelegea, anayeimbiwa ni nani na yuko umbali gani.

Msichana yule sasa yuko Kidato cha Nne, na muhula huu anaongoza wimbo tena. Pua yake sijaigusa.