Sudan Isiyo na Ramani

Juni 2010, miezi saba kabla ya kura ya maoni iliyoigawa Sudan, Nnedi Okorafor, Mmarekani wa wazazi wa Kiigbo, alitoa Who Fears Death, riwaya inayotokea katika Sudan ya siku zijazo. Ilipotwaa Tuzo ya World Fantasy mwaka 2011, Juba ilikuwa imeshakuwa mji mkuu wa nchi nyingine. Ungedhani kitabu hicho kingechakaa siku bendera ya nchi hiyo ilipopandishwa. Hakikuchakaa, na siri yake imo kwenye majina. Okorafor aliianza kazi kutokana na ripoti ya Emily Wax katika Washington Post ya 2004, juu ya ubakaji uliofanywa silaha Darfur. Alifuta vikosi, miji na makabila ya ripoti ile, akabuni Waokeke na Wanuru (kinaya kwa sikio la Mswahili, maana nuru hapa ndiyo inayobaka), lakini kitendo chenyewe hakukigusa: mwanamke anabakwa ili azae mtoto wa adui, na mtoto huyo, Onyesonwu, ndiye msimulizi. Mitambo ya kuvuta maji kutoka angani, kompyuta kuukuu na uchawi vinapita bila kufafanuliwa, kama mtu anavyotaja mafiga ya jikoni kwake.

Atatokea wa kusema kuwa kufuta majina ni kuwasitiri wahalifu. Hoja nzito, ila kutaja majina kulikuwa na wenyewe: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilishatoa hati ya kumkamata Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, Machi 2009. Riwaya ilifanya jambo ambalo hati haiwezi. Msomaji wa Juba aliyeshuhudia Desemba 2013, watu walioshangilia pamoja wakigeuziana bunduki, hapati ndani yake upande wa kukaa kwa raha. Wengine watasema hadhi ya Okorafor imetolewa ng'ambo. Ni kweli, na umaarufu wa kutajwa sokoni Konyokonyo, Juba, ni habari nyingine kabisa. Lakini hadhi hiyo siipimi kwa tuzo za Hugo na Nebula alizopata kwa kitabu chake Binti, wala kwa habari za mwaka 2017 kwamba HBO ilikuwa ikiiandaa Who Fears Death kwa televisheni. Naipima kwa alichoifanyia tuzo yenyewe: sanamu ya tuzo yake ya 2011 ilikuwa kichwa cha H. P. Lovecraft, mwandishi aliyewadharau watu weusi waziwazi. Okorafor alilisema hilo hadharani, sauti nyingine zikaungana naye, na mwaka 2015 waandaaji wakatangaza kuiacha sanamu hiyo.

Pingamizi linalouma zaidi linatoka ndani ya riwaya yenyewe: mama, ambaye ndiye mwanamke wa ile ripoti, tunamjua kwa kinywa cha binti tu. Hapo sina utetezi. Mwaka 2024 Okorafor mwenyewe alirudi kwenye dunia ile na She Who Knows, na safari hii anayesimuliwa ni Najeeba, mama huyo, akiwa bado msichana kwenye njia ya chumvi.