Nyaturu wa Chuma

Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi kuna kichwa cha treni cha mvuke namba 3020, kinachoitwa Nyaturu. Jina ni la Wanyaturu wa Singida, Tanzania. Kiliundwa Glasgow na kampuni ya North British katikati ya miaka ya 1950, kikiwa kimojawapo cha vichwa 26 vya daraja la 30 vya Reli za Afrika Mashariki, vilivyopewa majina ya makabila. Wenzake wengi wa zama za mvuke pale makumbushoni wamesimama tu. Hiki ni miongoni mwa vichache vilivyofufuliwa hadi kutembea tena kwa moto wao wenyewe.

Wageni hupiga picha rangi na magurudumu manane makubwa ya kusukuma. Mimi heshima yangu naipeleka kwa waliofanya kazi isiyoonekana, ile ya ndani ya boila.

Humo moto hupita katika mirija iliyozungukwa na maji. Mrija uliochoka hung'olewa, mpya ukaingizwa, ncha yake ikatanuliwa mpaka ibane kabisa kwenye bamba. Kisha kuna boliti, mamia kwa mamia, zinazofunga sanduku la moto kwenye ganda la nje. Fundi huzigonga moja moja kwa nyundo ndogo huku ametega sikio: nzima hulia kwa sauti kali, iliyokatika hutoa mlio mzito uliokufa. Akimaliza safu moja anaanza nyingine, na hakuna anayemharakisha.

Adui mkubwa ni maji yenyewe. Watu wanaoishi kando ya maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, huko Singida, hawahitaji kuambiwa chumvi inavyokula chuma. Ndiyo maana boila huoshwa kila mara, utando wa chumvi ukakwanguliwa.

Jaribio la boila hufanywa kwa maji yaliyosukumwa kwa nguvu kupita kipimo cha kazi, kwa sababu maji yakipata ufa hutiririka tu, mvuke hulipuka. Hata moto wa kwanza huwashwa polepole mno, ili chuma kinene na chembamba vitanuke pamoja.

Ufundi kama huu unahitaji watu wa kuuendeleza. Huko Wales, mwaka 1951, reli ya Talyllyn ilianza kuendeshwa na watu wa kujitolea, ya kwanza duniani. Lakini kwetu, waliofanya kazi na mvuke wamezeeka. Kijana wa Manyoni au Itigi anayetaka kuujua ule mlio wa boliti iliyokatika inabidi asimame kando ya mzee anayeujua, nyundo mkononi.