Missa Luba: kutoka altare ya Kamina mpaka sinema za Ulaya

Mtu akitoka Kolwezi kwa gari la moshi anapita Tenke, anageuka upande wa kaskazini, anavuka Bukama, na mwisho anafika Kamina. Njia hiyo wengi wetu tunaijua tangu miaka ya masomo. Ni kule Kamina, katika misioni ya Wafransisko, tarehe 23 Machi 1958, Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza katika Misa takatifu. Tunasema kwa makusudi "katika Misa", sababu tangu siku ile wimbo huu umesikiwa katika majumba makubwa, katika sinema na katika disiki za dunia nzima, lakini mara chache sana karibu na altare. Watu wengi wanausifu pasipo kujua unasema nini. Tungependa kuutazama kidogo, sifa zake na hasara ulizopata njiani.

Kwanza namna ulivyozaliwa. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa mkubwa wa masomo ya Kamina katika miaka ya 1950. Alikusanya watoto wanaume wapata 45 na walimu wapata 15, akawapa jina la mfalme wa Wabelgiji: Troubadours du Roi Baudouin. Miaka ileile, hapa kwetu Ruwe karibu na Kolwezi, ndugu yake wa shirika lilelile, Padri Placide Tempels, alikuwa akiketi na wafanyakazi wa shaba na wake zao akisikiliza maneno yao, na Jamaa ikazaliwa. Hatusemi mmoja alimwiga mwenzake. Lakini wote wawili walifunga kinywa kwanza, wakasikiliza. Kwa mmisionari wa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Padri Haazen hakuketi mezani na kuandika noti ili watoto wazikariri. Maneno ya Kilatini yalikuwa yamekwisha kuwapo, yale ya Misa ya kila siku. Sauti zilitoka kwa waimbaji wenyewe. Walijaribu, wakabadilisha, mmoja akianza na wengine wakiitikia, mpaka njia ya wimbo ikajulikana na wote. Lakini mapambo ya mwenye kuongoza yalikuwa huru kila mara. Mwalimu Joachim Ngoi, ambaye sauti yake inaongoza katika disiki ya kwanza, aliimba kama vile mtu wa kwetu anavyoimba kilioni: anajua pa kuanzia na pa kumalizia, na katikati anafuata moyo.

Tuketi kidogo juu ya jambo hilo la kilio. Kyrie ya Missa Luba inafuata kasala. Wasomaji waliozaliwa kati ya Waluba hawahitaji kuelezwa kasala ni nini: ni maneno ya kumwita mtu kwa majina yake na ya wazee wake, hasa siku ya kufiwa. Basi mtu anayesema "Bwana utuhurumie" kwa sauti ya kasala haombi kama mtumishi mbele ya bwana mkubwa wa ofisi. Analia kama yatima mbele ya jamaa yake. Kisha katika Credo, kabla ya kusema kwamba Kristu alisulubiwa, ngoma inatangaza kifo, sawasawa na ngoma ya kijijini inavyowapasha habari watu walio mashambani. Tumesoma vitabu vingi juu ya kuzaliwa kwa Injili katika desturi za watu. Ngoma ile ndogo katikati ya Credo inatufundisha kupita vingi vya vitabu hivyo. Bwana wetu anafiwa na kijiji chake.

Tukumbuke tena kwamba mwaka wa 1958 Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulikuwa bado. Katika misioni nyingi ngoma ilihesabiwa kuwa kitu cha wapagani, nayo ikabaki nje ya mlango wa kanisa. Agizo juu ya liturgia, lenye kutaka muziki wa mataifa upewe heshima yake, lilitoka tarehe 4 Desemba 1963 tu. Watoto wa Kamina walitangulia miaka mitano.

Mwaka uleule wa 1958 wakapelekwa Ulaya. Waliimba katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, wakazunguka na nchi nyingine, wakaimba hata pamoja na watoto waimbaji wa Vienna. Walipigiwa makofi mengi. Lakini katika maonyesho yaleyale Wakongo wengine walikuwa wamewekwa katika kijiji cha kutazamwa, nyuma ya uzio, na wageni wakawacheka na kuwatupia ndizi, hata wakakataa kuendelea, wakarudi kwao. Mambo mawili hayo yalitokea mji mmoja, mwaka mmoja. Tunajiuliza mtazamaji aliyetoka kwenye uzio akaingia kusikiliza Kyrie alisikia nini. Labda alisikia sala. Labda aliona tena kitu cha ajabu cha kutazama, safari hii chenye Kilatini.

Disiki ya Philips ilisaidia na iliharibu. Ilisaidia, kwa kuwa pasipo hiyo wimbo wote ungalipotea: uhuru ulikuja mwaka wa 1960, vita vikaingia Katanga, korali ikatawanyika. Iliharibu, kwa kuwa ilichukua siku moja ya wimbo uliokuwa ukibadilika kila siku, ikaifanya kuwa sheria. Baadaye, watu wa Ulaya na Marekani walipotaka kuuimba, ulitengenezwa kwa noti. Sasa korali ya wanafunzi kule mbali inakariri, kipande kwa kipande, pambo ambalo mwimbaji wa Kamina alilitia kwa kupita tu. Na juu ya karatasi jina linaloonekana ni la Padri. Padri Haazen alistahili sifa yake, hatumnyang'anyi. Lakini walimu waliotoa sauti hawakuandikwa.

Sinema nazo zikauchukua. Ya kwanza ni ile ya Pier Paolo Pasolini, Mwitalia, juu ya Injili ya Mtakatifu Matayo, mwaka wa 1964. Pasolini hakuwa mtu wa sakramenti, lakini aliitolea filimu yake kumbukumbu ya Baba Mtakatifu Yoane XXIII, na shirika la Kikatoliki la sinema likampa zawadi. Yeye anachanganya Bach na nyimbo za Waamerika weusi. Na mwishoni, kaburi linapofunguka, inasikika Gloria ya Kamina. Twaona alichagua vema. Watu wa filimu yake ni maskini wa kijiji, wenye nyuso zilizochomwa na jua, na sauti ile inawafaa kuliko kinanda cha kanisa kubwa.

Ya pili ni ya Mwingereza Lindsay Anderson, mwaka wa 1968, jina lake *if....*, iliyopewa zawadi kubwa ya Cannes mwaka uliofuata. Ni habari ya wanafunzi wa masomo ya matajiri walioonewa na wakubwa wao. Mwisho wanapanda juu ya nyumba na kuwapiga risasi wazazi na walimu. Kijana mkubwa kati yao anapiga Sanctus ya Missa Luba katika mashini yake ya disiki, anairudia tena na tena. Filimu ile ilifanya Sanctus inunuliwe sana Uingereza mwaka wa 1969. Hatusemi Anderson alitaka kutukana. Lakini kwake Sanctus ni sauti ya pori na ya uhuru usio na amri, naye kijana hajui kwamba waliouimba walikuwa wanafunzi kama yeye, wa masomo yenye amri kali vilevile. Wala hajui kwamba sauti ile imetoka katika wimbo wa Kiluba wa kuagana.

Katika disiki za baadaye tunapenda ile ya mwaka 1990, ya korali ya Kenya iitwayo Muungano, chini ya Boniface Mganga. Wao ni watu wazima, sauti zao ni nzito na zimepangwa kwa usafi mkubwa. Mtu akizipiga disiki mbili hizo moja baada ya nyingine, ataona ile ya Kenya ni nzuri kupita kwa masikio, na ile ya Kamina ni ya kweli kupita. Watoto wa Kamina pengine wanapiga kelele kidogo, wanatangulia ngoma. Tunawasamehe, ndivyo wanavyoimba watu ambao hawajaambiwa kwamba wimbo wao utakaa miaka sitini.

Limebaki neno moja, nalo linatuhusu sisi wa Kolwezi. Jina ni Missa Luba, lakini si ya Waluba wa Katanga peke yao. Hosanna ni mchezo wa ngoma wa Kasai. Agnus Dei imetoka kwa Bena Lulua, upande wa Luluabourg, unaoitwa leo Kananga. Mwaka mmoja tu baada ya disiki, mwaka wa 1959, Bena Lulua na Waluba waliuana kule. Na mwaka wa 1992 na wa 1993, hapa kwetu na kule Likasi, watu wa Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala kwenye stesheni wakingoja gari la moshi, wengine kwa miezi, na wengi walikufa kwa maradhi kabla halijafika. Magari yale yalipita Tenke, yakapita Kamina.

Korali zinazojifunza Missa Luba siku hizi huanza na Sanctus, sababu ya sifa yake, na mara nyingi huishia hapo. Tunawaomba waongozi wa korali na makatekista wa Kolwezi waendelee mpaka Agnus Dei. Haina ugumu mwingi. Inataka sauti moja ya kuongoza, na wengine wote wa kuitikia.