Aya ya 133 na deni la mfungwa wa Lodwar

Wageni wakubwa wakitua Lodwar, huku Turkana, hawakosi kutukumbusha kwamba Mzee Jomo Kenyatta aliishi hapa. Aliishi kweli, lakini hakuja kwa hiari: alimaliza kifungo chake Lokitaung, akaletwa mjini Aprili 1959 na kuzuiliwa hadi 1961. Mimi urithi wake naupima kwa karatasi aliyoipitisha akiwa Ikulu, na karatasi hiyo ilituumiza.

Ni Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, aya ya 133. Wizara ya Tom Mboya iliuandaa, Mzee akauwekea utangulizi. Aya hiyo inataka pesa za maendeleo ziende zitakakozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye uchukuzi na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo.

Tazama fundi alivyoipanga. Mvua ni ya Mungu, sawa. Barabara na umeme je? Hivyo huletwa na serikali hiyohiyo, kwa hiyo asiye navyo anaadhibiwa kwa kosa la aliyepaswa kumpa. Halafu sharti la watu, ambalo linanikera hadi leo. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa na mkoloni, kuingia ni kwa kibali. Unamkomea mtu mlango miaka na miaka, kisha unaandika kwamba si mtu wa kutembea!

Hesabu yenyewe imo ndani ya aya. Pauni milioni 1 huku izalishe 20,000, kule izalishe 100,000. Basi wekeza kule, na zile 80,000 za ziada ziwasaidie wa huku kwa ruzuku na mikopo nafuu. Kwenye ubao inapendeza. Lakini zirudi lini, kupitia mfuko gani, nani azidai? Aya imenyamaza. Mkopeshaji wa sokoni Kakuma hakubali deni lisilo na tarehe, sisi tuliandikiwa tukubali. Na ardhi hii iliyoonekana haina kitu ndiyo iliyotoa mafuta katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012.

Msiniambie enzi zile hakuna aliyeona. Barack Obama, baba yake yule rais wa zamani wa Marekani, aliukosoa waraka huo kwa maandishi mwaka huohuo wa 1965. Na Bildad Kaggia alifungwa Lokitaung pamoja na Mzee, akatoka bado anauliza habari za wasio na ardhi. Akavuliwa unaibu waziri 1964. Mwaka uliofuata, Kandara, Mzee alimsimanga mbele ya umati kwa kutojitajirisha kama wenzake. Kati ya wafungwa wale wawili, mimi sihitaji kufikiri mara mbili nani alibaki na msimamo.

Shule na hospitali zilipanuliwa baada ya uhuru. Nampa Mzee haki yake.

Ila aliyeonja kuzuiliwa angekuwa wa kwanza kuvunja komeo. Badala yake, 1966, serikali yake ikarudisha sheria ya kumzuilia mtu bila kesi, na ile sheria ya wilaya zilizofungwa ikakaa vitabuni hadi 1997. Mazoea hayo hayakufa. Kambi ya Kakuma ilipofunguliwa 1992, mkimbizi naye akawa mtu wa kuomba karatasi ndipo atoke.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyojaribu kuisahihisha aya ya 133. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Pesa zimekuja kwa kusuasua, nyingine zikakwama katika mivutano ya mahakamani. Uhai wake ni miaka 20, ambayo inakwisha 2030, isipokuwa Bunge liuongeze. Wabunge na seneta wa Turkana, hoja hiyo ipelekeni sasa, na safari hii andikeni tarehe na kiasi.