Nguo Iliyotangulia Nchi

Mkusanyo wa barua za wafanyabiashara wa New England, uliohaririwa na Norman Bennett na George Brooks na kuchapishwa mwaka 1965, husomwa zaidi na wanahistoria. Mpenzi wa mashairi naye yafaa aufungue, ila asiuanzie Salem wala Unguja. Auanzie Uhehe na Usangu, yaani Iringa na Mbeya za leo, ambako jina la Marekani lilipanda likiwa nguo kabla ya kuwa nchi.

Kalamu za waandishi hawa ni kavu. Mkataba uliotiwa saini Maskati mwaka 1833, baina ya Sayyid Said na mjumbe Edmund Roberts, uliwafungulia mlango. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawasili Unguja kuwa balozi mdogo, na papo hapo mfanyabiashara. Sauti ya dola na sauti ya duka zatoka koo moja, na huo ndio utamu wa barua hizi, kwa mwenye subira ya kuvuka hesabu za frasila na majora. Barua ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi. Jibu likifika, bei iliyoulizwa imekwisha kufa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokausha pamba ya majimbo ya kusini, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikajaza pengo. Mkusanyo unaishia 1865. Umeishia patamu.

Kwani pamba ile ilichumwa na watumwa, ikafumwa Massachusetts, na doti zake zikawa hongo na bei ya pembe huko bara, ambako Wasangu na Wahehe walikuja kupigana vikali katika miaka ya 1870. Siwalaumu wafanyabiashara kwa kuandika walichokiuza. Kinyongo changu ni kwetu wasomaji: barua twaziita hati, na neno “merikani” twaliachia kamusi. Nalo ni hati, iliyopandishwa milimani mabegani mwa wapagazi, bila muhuri wala tarehe. Mshairi akilitia leo katika ubeti, wengi watasikia manowari na dola. Sikio la zamani lilisikia kitambaa kigumu, kisichopaushwa, kilichopimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole.